Chupa ya maziwa ya mtoto: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mama kijacho akiingia Kariakoo na orodha yake, chupa ya maziwa huwa kitu cha kutupia tu kwenye mfuko. Rangi imependeza, kifuniko kina picha ya dubu, basi. Mimi nilinunua tatu kwa mtindo huohuo. Nilipofika nyumbani nikazigeuza kitako: moja ilikuwa na pembetatu yenye namba 5, ya pili namba 7, ya tatu haikuwa na alama yoyote. Nikarudi kuuliza. "Dada, zote si plastiki tu?" akanijibu muuzaji.

Plastiki ni plastiki, lakini namba hiyo hutaja aina yake, na ya namba 7 huenda ikawa ile iliyofukuzwa madukani Ulaya na Marekani.

Iliyoleta fukuzafukuza hiyo ni bisfenoli A, ambayo kwenye lebo huandikwa BPA. Ndiyo inayotengenezewa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama glasi, iliyokuwa chupa ya mtoto ya kifahari kwa miaka mingi. Ikipata moto, BPA hutoka kidogokidogo na kuingia kwenye maziwa, na ikishafika mwilini inaiga kazi ya homoni ya estrojeni. Kanada ilitangaza mwaka 2008 kwamba itaiondoa kwenye chupa za watoto. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2011: viwanda vilizuiwa kuanzia Machi, maduka kuanzia Juni. Marekani ilikuja Julai 2012, na hapo pana kichekesho, kwa sababu walioomba katazo hilo ni chama cha wenye viwanda vya kemikali wenyewe. Wazazi walishagoma kununua, viwanda vilishaacha kutengeneza, serikali ikaja kufunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Huku kwetu, TBS, shirika la viwango la Tanzania, ina utaratibu wa kukagua shehena hukohuko zinakotoka tangu 2012, na KEBS, mwenzake wa Kenya, ilianza wake 2005. Mnunuzi wa Kenya anaweza pia kuhakiki alama ya ubora kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023. Ila chupa iliyomwagwa kwenye turubai pembeni mwa barabara, bila boksi wala jina la mtengenezaji, hujui ilipitia wapi. Hiyo unaikagua mwenyewe. Mpangilio wangu ni huu, kuanzia bora hadi ya kuachwa.

1. Kikombe kidogo na kijiko

Najua ulikuja kutafuta chupa. Lakini muulize muuguzi yeyote wa kliniki, atakwambia mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe, hata aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kikombe cha glasi au cha stili hakina kona za kuficha uchafu, hakina chuchu ya kuoza, na hakina BPA ya kukuumiza kichwa. Kwa mtoto anayenyonya na mama yake anakamua maziwa kwa ajili ya saa za kazini, hiki ndicho ningenunua kwanza. Taabu yake ni uvumilivu, maana dada wa kazi mwenye haraka atamwaga nusu. Na jambo moja la kukumbuka: sheria ya Kenya ya 2012 inakataza kutangaza chupa na chuchu zake kwa wazazi, kwa hiyo anayekugawia chupa ya bure kama zawadi ya uzazi anajua anachofanya.

2. Chupa ya glasi

Haitoi kitu kwenye maziwa, inachemshwa mara mia bila kubadilika, na uchafu unaonekana. Ni nzito na inavunjika. Sakafu ya vigae haina huruma. Tafuta ya glasi inayostahimili moto, ikiwezekana yenye soksi ya silikoni kwa nje. Mtoto akishaanza kushika chupa mwenyewe, iweke kabatini.

3. Chupa ya stili

Haivunjiki, na ukiona 304 au 18/8 ujue ni ile stili isiyoshika kutu inayotumika kwa vyombo vya chakula. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu moja tu: huoni ndani. Huoni kiasi alichokunywa mtoto, huoni utando wa maziwa ya jana. Kwa safari ya basi, hata hivyo, ni nzuri.

4. Plastiki ya namba 5

Tuseme ukweli, wengi tutanunua hii. Ni polipropilini, nyepesi, yenye ukungu kidogo ukiitazama mwangani, na haitengenezwi kwa BPA. Shida yake ni nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha kwamba chupa za aina hii hutoa chembechembe ndogo mno za plastiki, mpaka milioni 16 kwa lita, na kadiri maji yanavyozidi moto ndivyo zinavyozidi. Athari zake kwa mtoto bado zinachunguzwa, lakini kinga haigharimu kitu. Maziwa ya kopo yanatakiwa kukorogwa na maji yasiyopungua nyuzi 70, hilo usilipunguze kwa kuogopa plastiki. Wewe korogea kwenye jagi la glasi au la stili, yaache yapoe, ndipo uyamimine kwenye chupa. Ukishaichemsha chupa, isuuze kwa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yakapoa. Mikrowevu sahau.

Usilewe na maandishi ya "BPA Free". Yanakwambia kilichoondolewa, hayakwambii kilichowekwa badala yake. Viwanda vingine vilihamia kwa BPS na BPF, ndugu wa tumbo moja na BPA, na tafiti zimeonyesha nazo zinachezea homoni. Ndiyo kasoro ya kupiga marufuku kemikali mojamoja: ukimkamata huyu, binamu yake anaingia kwa mlango wa nyuma. Mimi naangalia namba kwanza, maandishi baadaye.

5. Namba 7 na zisizo na alama

Namba 7 maana yake ni "nyinginezo", kapu la plastiki zote zilizokosa kundi. Polikaboneti imo humo, pamoja na nyingine zisizo na kosa lolote. Kama boksi halisemi ni plastiki gani, iache. Isiyo na alama kabisa usiiulizie hata bei.

Chuchu, nunua ya silikoni. Za mpira wa rangi ya asali zinaweza kutoa nitrosamini, kemikali ambazo Ulaya iliziwekea kikomo kwenye chuchu za chupa na nyonyo za kumtuliza mtoto tangu 1993, na mpira huchakaa upesi kwa kuchemshwa. Ikianza kunata au kupasuka, tupa.

Bado kuna chupa za kurithi. Shangazi ametunza za mjukuu wake aliyeko sekondari sasa, anakuletea kwa moyo mweupe, ngumu, angavu, zinazong'aa. Huenda ni za kabla ya 2011. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, kisha zitie karafuu na iliki, uzipange mbali na jiko.