Kamusi za Kiingereza za bure mtandaoni: nimezipima kwa "loose ends"

Wadau, kama kazini kwenu imeili zinakuja kwa Kiingereza hii inawahusu. Nimekuwa natumia kamusi za bure mtandaoni muda sasa, hasa Cambridge, Oxford Learner's na Merriam-Webster, na ukweli ni kwamba ukizitafutia neno la kawaida kama "table" zote zitakupa jibu lilelile, hapo huwezi kujua ipi kali. Kamusi ipime kwenye misemo, ile yenye maneno mepesi ambayo kila neno unalijua ila yakikaa pamoja unabaki umetoa macho. Kipimo changu mimi ni "loose ends" maana Waingereza na Wamarekani wanaitumia kila siku, ofisini, kwenye muvi, kwenye stori za wikiendi, na inageuka maana kutegemea imekaa wapi.

Nianze na programu za kutafsiri kwenye simu, sitaji hata moja kwa jina. Ukiipa maneno hayo mawili makavu usishangae ikikurudishia kitu kama "ncha zilizolegea", ukadhani bosi anaongelea kamba. Kwenye sentensi nzima siku hizi zinajitahidi kweli, ila hazikwambii kwa nini, wala hicho ni Kiingereza cha nani, kwa hiyo kesho ukikutana nayo sehemu nyingine uko palepale. Nyota mbili, na hizo ni za haraka haraka ukiwa kwenye daladala.

Cambridge sasa. Bure, hujisajili, na kuna alama mbili za spika, moja matamshi ya Uingereza nyingine ya Marekani. Maana ya msingi unaipata bila kuzungushwa: kitu kidogo kwenye kazi au stori ambacho hakijamaliziwa au hakijaelezwa. Kwa sisi huku mfano uko mwilini kabisa, doti ya kanga ukiinunua ni vipande viwili vimeungana, ukishakata katikati usipompelekea fundi apige pindo nyuzi zinaanza kuchomoka zenyewe. Kanga ipo, inavalika, ila haijaisha. Na msemo wenyewe wa Kiingereza unasimama hapohapo, ncha ya uzi au kamba iliyoachwa bila kufungwa, ndo maana kitenzi chake ni "tie up", unazifunga.

Kitu ambacho watu wengi wanakikosea ni ukubwa. Meneja akiandika "let's tie up the loose ends before Friday" anamaanisha kazi kimsingi imeisha, zimebaki sahihi mbili tatu, ankara ya mtu mmoja, funguo za kurudisha, vitu vya hivyo. Sasa wewe ukimjibu kwamba ripoti yenyewe hujaanza, aisee hiyo siyo loose end tena, hiyo ni kazi haijafanyika. Ndo maana mi siwaungi mkono wanaotafsiri "viporo" moja kwa moja, japo naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Viporo vya Simba na Yanga ni mechi nzima, dakika 90 na pointi tatu zake, vinaweza kugeuza msimamo wa ligi. Loose end moja haigeuzi chochote, inakera tu. Ningeandika "vijimambo vilivyobaki kumalizia" nikaendelea na maisha.

Oxford Learner's ndo ninayoirudia zaidi nikiwa na muda. Hii ukoo wake ni kamusi ya A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Kiingereza Japani, ambayo Oxford waliitoa mwaka 1948, na tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza si lugha yake, hakuna kukutupia neno gumu kukuelezea neno lingine gumu. Faida yake kwenye msemo huu ni kwamba inakuwekea wazi upande wa hadithi. Ukimaliza tamthilia halafu yule kaka aliyepotea sehemu ya tatu hajatajwa tena mpaka mwisho, hiyo ni loose end, mwandishi kaiacha inaning'inia. Wahakiki wa Kiingereza wanaipenda sana hii, wakisema muvi "left too many loose ends" jua wanalalamika.

Halafu kuna ile ya muvi za majambazi ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza usielewe kwa nini ghafla mtu anapigwa risasi. Mkuu wa genge anasema fulani ni "loose end", na fulani hajaacha kazi yoyote nusu, kosa lake ni kujua mengi. Hapo kuifunga hiyo ncha ni kumuua shahidi. Maana ni ileile ya kumalizia vilivyobaki, ila kilichobaki ni binadamu.

Mtego mkubwa uko hapa: "at a loose end". Mwingereza akikwambia "I'm at a loose end on Saturday" hana kiporo wala deni la kazi, kinyume chake kabisa, hana la kufanya, amekaa tu, na mara nyingi anategea umwambie twende mahali. Nawaza mtu anayejibu "pole, natumaini utamaliza", jamaa atakushangaa. Na hapa ndo kamusi inatengana na tafsiri ya mashine, kwa sababu Oxford na Cambridge wanakuonyesha mpaka mipaka: Uingereza ni "at a loose end", umoja na ile "a" yake, Marekani ni "at loose ends", wingi bila kitu. Kwa Wamarekani pia inaweza kubeba hali ya mtu asiyejua aelekee wapi kimaisha, mfano kamaliza chuo yupo yupo tu.

Kwa Kiingereza cha Marekani nenda Merriam-Webster. Hawa ni wa Springfield, Massachusetts, ndio waliochukua haki za kamusi ya Noah Webster mwaka 1843 baada ya yeye kufariki. Ni nzuri, ila imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari Kiingereza ni chake, maelezo mafupi makavu, mwanafunzi wa fomu tu atatoka jasho kidogo. Ukishazoea utaipenda.

Jambo lingine, msichanganye huu msemo na "unfinished business". Huo una uzito, una moyo ndani yake: ugomvi ambao haukuisha, wapenzi walioachana bila kuongea, bondia anayetaka pambano la marudiano. Ukimwandikia eks wako kwamba mna loose ends atadhani unadai chaja yako, ukimwandikia mna unfinished business atajua unachotafuta. Na jamani ni "loose" yenye o mbili, ya o moja ni kupoteza.

Zote za bure zina matangazo na zinataka bando, kwa hiyo kama uko sehemu mtandao unasumbua, ile kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka 1996 ukiwa nayo ya karatasi usiigawe. Nyota zangu: Oxford Learner's tano, Cambridge nne na nusu, Merriam-Webster nne. Mnapotafuta andikeni "loose end", umoja, maana misemo mingi ya hivi huwa imepangwa chini ya umoja, halafu shukeni chini mpaka kwenye sehemu ya misemo, msiishie maana ya kwanza.