Stelingi Anakufa: Uzoefu Wangu na Kasha la Kwanza la Shawscope

Aliyezoea kanuni ya kibanda umiza kwamba stelingi hafi, kasha hili litamvuruga. Ndani mna picha 12 za studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong, za kati ya mwaka 1972 na 1979, zilizosafishwa na kutolewa kwenye diski za Blu-ray na kampuni ya Arrow Video mwishoni mwa 2021. Katika zile alizoongoza Chang Cheh, stelingi hufa mara nyingi, tena kwa taabu. Kwenye The Boxer from Shantung (1972), Chen Kuan-tai anachomekwa shoka la tumbo na bado anaendelea kuwashushia watu kichapo, shoka likiwa limenasa palepale.

Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa inahusu manukuu, yale maandishi ya chini ya picha: yapo ya Kiingereza tu.

Nianze na ubora wa nakala, kwa sababu watu wengi wanaosema picha za Kichina za zamani ni mbaya hawajawahi kuziona. Wameona nakala mbaya, na hilo ni jambo lingine. Shaw walipiga picha zao kwa upana wa 2.35 kwa 1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Mkanda wa VHS ulikuwa na umbo la televisheni ya zamani, 4 kwa 3, kwa hiyo anayehamisha picha alilazimika kukata pembeni, na kinachokatwa ni kama asilimia 43 ya picha nzima. Sasa fikiria pambano la watu watatu, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia. Mtazamaji anaona teke linatoka, haoni lilikotua. Halafu anasema Wachina hawajui kupanga mapigano!

Baadaye zikaja diski za mtaani za picha 20 kwa moja. Hesabu yake ni rahisi: diski ya DVD ya gigabaiti 4.7 ukiigawa kwa 20, kila picha inabaki na megabaiti 235. Kwa picha ya dakika 90 hiyo ni kama kilobiti 350 kwa sekunde, sauti ikiwemo, wakati VCD ya kawaida ilikuwa na 1150 kwa picha peke yake. Ndiyo maana ngumi ikirushwa haraka unaona vibokisi badala ya mkono. Kung fu ndiyo aina ya picha inayoumizwa zaidi na ubanaji wa namna hii, kwa kuwa kila kitu kinatembea kwa wakati mmoja.

Kwenye kasha hili upana wote umerudi na rangi zimetulia. Ila kuna kasoro mbili utakazoziona ambazo si za diski. Ya kwanza, kamera ikigeuka upande, nguzo na kuta za pembeni zinapinda kama zimetengenezwa kwa mpira. Hizo ni lenzi za enzi hizo, na ndivyo picha ilivyotoka kiwandani. Ya pili, midomo haiendani na maneno, hata ukichagua sauti ya Kichina cha Kimandarin. Studio za Hong Kong wakati huo hazikurekodi sauti wakati wa kupiga picha. Maneno yote yalipachikwa baadaye, na mara nyingi mwigizaji hata hakuwa yeye anayesema. Kwa hiyo ile hoja kwamba "sauti ya asili" ni Kimandarin ichukulie kwa kiasi. Mimi King Boxer (1972) naitazama kwa Kiingereza bila aibu, maana hivyo ndivyo Marekani ilivyoipokea mwaka 1973 ikiitwa Five Fingers of Death, miezi kadhaa kabla ya Enter the Dragon kutoka. Dirty Ho naitazama kwa Kimandarin. Ukichagua Kimandarin, hakikisha unawasha manukuu ya tafsiri, si yale yanayofuata sauti ya Kiingereza. Yakionekana mafupi au marefu kuliko yanayosemwa, umebonyeza yasiyo yake.

Hilo la majina mawili liangalie sana unaponunua picha mojamoja. The 36th Chamber of Shaolin (1978), ambayo imo kwenye kasha la pili, iliuzwa pia kwa jina la Master Killer. Kwa Bruce Lee, ambaye hakuwa wa Shaw bali wa studio ya Golden Harvest, mambo ni mabaya zaidi: The Big Boss (1971) Marekani iliitwa Fists of Fury, na Fist of Fury (1972) ikaitwa The Chinese Connection. Herufi moja tu, "s", na umenunua picha nyingine. Na jalada likiandikwa Bruce Li au Bruce Le, hao ni watu wengine kabisa walioletwa sokoni baada ya mwenyewe kufariki Julai 1973.

Usifuate mpangilio wa diski. Anza na Heroes of the East (1978) ya Lau Kar-leung. Gordon Liu anaoa mke wa Kijapani, wanabishana nyumbani kung fu na sanaa za Kijapani kipi zaidi, ugomvi wa sebuleni unakua mpaka wataalamu saba wanatoka Japani, kila mmoja na silaha au mtindo wake. Hafi mtu hata mmoja, na bado huchoki, kwa sababu kila pambano ni swali jipya: upanga unajibiwaje, mkuki unajibiwaje, ninja anayejificha anajibiwaje. Lau hakubahatisha. Baba yake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alifundishwa na gwiji wa kung fu Wong Fei-hung mwenyewe. Ndiyo maana kamera yake inakaa mbali, unaona miguu na mikono kwa pamoja, na pigo moja linaongoza kwenye linalofuata.

Ifuatie Dirty Ho (1979). Gordon Liu ni mwana wa mfalme anayeficha ujuzi wake, kwa hiyo anapigana huku akijifanya anaonja mvinyo na wenyeji wake, kila mtu anatabasamu na kumkaribisha mwenzake kwa adabu, chini ya meza watu wanataka kuuana. Kwangu ndiyo bora kuliko zote 12.

The Five Venoms (1978) ndiyo yenye jina kubwa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Tandu, Nyoka, Nge, Mjusi na Chura: ukisikia hivyo unategemea ngumi mwanzo mwisho. Kumbe ni picha ya upelelezi, nani ni nani, hakimu amehongwa na nani, na pambano lenyewe la maana liko mwishoni. Anayetaka vijana walewale wakiruka sarakasi aende Crippled Avengers ya mwaka huohuo: mmoja kipofu, mmoja kiziwi asiyesema, mmoja hana miguu, wa nne kabanwa kichwa mpaka akili imeruka. Pambano la mwisho na zile pete za chuma lirudie mara mbili, ya pili ukimwangalia Chiang Sheng, yule wa akili iliyoruka, peke yake.

Executioners from Shaolin (1977) ina Lo Lieh akiwa Pai Mei, mzee wa nyusi nyeupe ambaye ukimpiga teke la sehemu za siri, anazivuta ndani na kuunasa mguu wako. Usiitazame na wakwe.

Mighty Peking Man (1977) ni sokwe mkubwa anayebomoa Hong Kong. Kung fu hakuna. Inafurahisha, ila sijui inafanya nini humu.

Kuhusu mashine: diski hufungiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia. Afrika yote iko kanda B ya Blu-ray, na diski za kasha hili zinasomeka kanda A na B, kwa hiyo hapo hakuna shida. DVD ndiyo yenye mtego, kwa kuwa sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5 na diski za Marekani ni kanda ya 1. Deki ya DVD haitasoma Blu-ray kamwe, lakini PlayStation 3 au 4 inatosha. Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, shusha ukali wa picha, na usibonyeze kukuza ili kuondoa mistari myeusi ya juu na chini. Mistari hiyo itachukua kama robo ya kioo. Ukiikuza, umejirudishia VHS kwa mkono wako mwenyewe.