Miezi mitatu ya Kiingereza cha jioni Kariakoo

Nagomboa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kwa miaka sita barua pepe zangu zilimalizika kwa "please advice". Hakuna aliyenisahihisha, maana wengi ninaowaandikia nao huandika hivyo hivyo. Siku ya pili darasani mwalimu aliisoma mojawapo akasema, "Dada, hapa umemwambia mteja 'tafadhali ushauri'. Ulitaka kusema 'tafadhali nishauri'." Nomino ni "advice", kitenzi ni "advise", na sauti ya mwisho inatoka s inakuwa z. Nilihisi nimefunguliwa dirisha.

Darasa liko ghorofa ya pili, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 11:30 jioni mpaka saa 1:00 usiku. Ada ni shilingi 45,000 kwa mwezi, pamoja na nakala za mazoezi.

Nimeshapita madarasa mengine mawili. Yote yalianza na kanuni, na yote niliyaacha. Huyu mwalimu anataka kila mtu alete sentensi za kazini kwake. Fundi simu alileta zake, muuguzi zake, mimi nikaleta za makontena. "Damage goods" ikawa "damaged goods". "We are confirm" ikawa "we confirm". Kisha tukakaa jioni nzima na neno "empty": kontena tupu ni "an empty container", kulitoa mzigo ni "to empty", na yale matupu tunayorudisha yadi ni "empties". Kwetu, gomboa, mgomboaji na ugomboaji, kila neno limevaa sare yake. Kiingereza mara nyingi kinaacha neno lilivyo, inabidi uangalie limekaa wapi katika sentensi na limetanguliwa na nini.

Kilichonifaa kuliko vyote ni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii. Kumbe "import" na "export" zikiwa nomino mkazo uko mwanzo, na zikiwa vitenzi unahamia mwisho. "Permit" hivyo hivyo, "record" hivyo hivyo. Maneno ninayotamka kila siku! Mwalimu alitupigisha meza kwa ngumi, pigo zito penye mkazo, mpaka sikio likashika. Lakini "delay" haihami, iwe nomino au kitenzi, kwa hiyo usifanye kanuni ya maneno yote.

Udhaifu upo. Wiki ya viambishi tamati ilikuwa kavu: karatasi ya maneno 60 ya kukariri, hakuna sentensi hata moja. Na karatasi ilidai kwamba neno linaloishia na "-al" ni kivumishi, kama "final" na "national". Nikanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, 'arrival' na 'approval' je? Nazijaza kwenye fomu kila siku, na ni nomino." Alinyamaza kidogo, akasema atarudi nalo. Kesho yake alikuja na "refusal" na "proposal", akaeleza kwamba "-al" ikishikamana na kitenzi, kama "arrive" au "approve", huzaa nomino, na ikishikamana na nomino, kama "nation", huzaa kivumishi. Akatuambia tukate mstari ule kwenye karatasi. Kwa jambo hilo pekee ningelipa mwezi mwingine.

Insha zinasahihishwa kwa kuchelewa, yangu ya mwisho ilikaa wiki mbili. Tuko 34 chumba kimoja, na hiyo ni wengi mno kwa somo la matamshi. Anayetaka kujiunga afike kabla ya saa 11:15 apate kiti cha mbele, kwa sababu ukikaa karibu na dirisha la barabarani, honi za daladala zinameza mkazo wote.