Gundam RX-78-2: ukitaka kununua, uchukue ipi?

Roboti ni ileile: mwili mweupe, kifua cha bluu, viatu vyekundu, kama alivyoichora Kunio Okawara kwa ajili ya katuni ya Kijapani ya 1979. Ila Bandai, kampuni ya Kijapani ya vinyago, wameitoa upya mara nyingi mno kama modeli ya plastiki ya kuunga mwenyewe, na jina kwenye maboksi ni karibu lilelile. Anayeagiza kutoka nje hapati nafasi ya kulishika boksi kwanza, na nauli ya mzigo yaweza kuipita bei ya modeli yenyewe. Basi chagua kabla hujalipa. Herufi RG, HG, MG na PG ni majina ya ngazi za modeli hizo, na "Ver." ni toleo. Mimi ningezipanga hivi.

1. RG Ver. 2.0 (2024). Kipimo ni 1/144 (mara 144 ndogo kuliko roboti ya kwenye katuni), urefu kama sentimita 12 na nusu, na ilipotoka ilikuwa yeni 3,850 pamoja na kodi. Angalia sana hapo kwenye "Ver. 2.0", kwa sababu iko RG nyingine ya 2010. Hiyo ya zamani mifupa yake ya ndani ilitoka kiwandani ikiwa imeshaungana. Unaikata tu kwenye fremu ya plastiki na viungo vinakunjika papo hapo. Kwa wakati ule ulikuwa ufundi wa ajabu, nami bado nauheshimu. Lakini viungo vile hulegea, na vipande vidogo vya nje hudondoka kila ukiigeuza mkono. Katika toleo jipya mifupa imesanifiwa upya, unaiunga mwenyewe kipande kwa kipande, na ukiisimamisha inatulia. Tangazo likisema "RG RX-78-2" bila namba ya toleo, omba picha ya boksi kabla ya kutuma hela. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, sioni sababu ya kuchukua ya 2010.

2. Entry Grade (2020). Kwa mtoto, au mtu mzima asiyewahi kuunga kitu, hii ndiyo ya kuanzia, na hapo naiweka juu hata ya RG. Ilitoka kwa yeni 700 kabla ya kodi. Haihitaji gundi, rangi wala stika; vipande vinachomoka kwa vidole, na hata macho yana plastiki ya rangi yake. Silaha ni bunduki na ngao tu. Lipo boksi la bei nafuu zaidi lisilo na silaha kabisa. Liache, mtoto ataulizia bunduki siku hiyohiyo.

3. HG Revive (2015). Modeli nzuri iliyobanwa katikati: chini yake kuna Entry Grade ya bei rahisi, juu yake RG. Inunue ukitaka bazuka na panga za mwanga bila kutoa pesa nyingi.

4. MG, kipimo 1/100. Hizi zina sentimita 18 hivi, na vidole vikubwa hupumua. Kati ya Ver. 2.0 (2008) na Ver. 3.0 (2013) nachagua 2.0, maana uso na umbo ni vya katuni yenyewe. Ya 2013 imechanjwa mistari mingi hadi mwili unakosa utulivu.

5. PG Unleashed (2020). Sentimita 30, taa ndani, yeni 25,000 kabla ya kodi ilipotoka. Ni kazi kubwa na nzuri sana, ila isiwe modeli yako ya kwanza.

6. Ile ya 1980. Ilitoka Julai mwaka huo kwa yeni 300, katuni ikiwa imeshakwisha. Inataka gundi, inataka rangi, na nyonga hazitanuki. Naipenda kwa moyo wote, lakini muinunue nyinyi mnaojua mnachokitafuta. Anayetaka sura hiyo ya kale bila gundi aulizie toleo linaloitwa Revival.

Ukiacha Entry Grade, zote zinahitaji koleo ndogo ya kukatia yenye mdomo bapa upande mmoja. Kata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu. Ukikata mara moja tu, plastiki hubaki na doa jeupe, na kwenye kifua cha bluu linaonekana vibaya.