Mtaala wa kiklasiki wa Kikatoliki, darasa la sita hadi la nane: Kilatini safi, ramani fupi

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Boksi zima la darasa la saba, yaani vitabu vya mwanafunzi, vya mwalimu na mpango wa kila wiki, limenitoa dola 500 na kitu. Anayetaka mwalimu wa kusahihisha kwa mtandao anaongeza ada yake. Mimi sikuongeza.

Ni mtaala wa kusomeshea nyumbani, wa shirika moja la Wakatoliki hapa Marekani. Jina silitaji kwa kuwa nina ya kuwasema, na tena mitaala ya aina hii imefanana mno. Yote imejengwa juu ya hatua tatu za zamani: sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kujieleza). Mwaka 1947 Dorothy Sayers, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa hotuba Oxford akizifananisha hatua hizo na makuzi ya mtoto: mdogo akariri, anayebalehe abishane, mkubwa ajieleze. Darasa la sita hadi la nane linaangukia kwenye mabishano. Mwenye kijana wa miaka 13 nyumbani hahitaji utafiti kuliamini hilo.

Tunaishi Texas, ambako shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Mahakama ya juu ya jimbo ilimaliza ubishi huo mwaka 1994. Ukifundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, hakuna mkaguzi atakayebisha hodi. Kwa hiyo ubora wa kitabu ni juu yako mwenyewe mzazi.

Kilatini ndicho kilichonifanya nisirudishe boksi. Wanafundisha matamshi ya Kanisa, "caeli" inasomwa "cheli", kwa hiyo mtoto anayejifunza Jumanne anakisikia alichojifunza Jumapili kwenye Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu. Watoto wetu wanaoongea Kiswahili nyumbani wana bahati ambayo mwandishi wa kitabu hakuifikiria. Somo la sifa kubadilika kulingana na nomino, servus bonus (mtumwa mwema), mensa bona (meza nzuri), donum bonum (zawadi nzuri), limepewa kurasa nyingi za maelezo ya kumtuliza mtoto wa Kimarekani asishtuke. Kijana wangu alisoma nusu ukurasa akasema, "Mama, si ni ngeli tu hizi?" Akaruka akaenda kwenye mazoezi, akapata yote.

Mjomba wangu yuko Moshi, alisoma seminari ndogo miaka ya sitini, na Kilatini chake hakijafa. Siku moja kijana akampigia kwa WhatsApp. Shikamoo babu, marahaba mjukuu, haya nisomee. Akaanza: mensa, mensae, mensae, mensam, mensa. Mzee akamkatisha. "Nani kakuvurugia hivyo? Ni mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa!" Wote wako sahihi. Nomino ya Kilatini hubadilika umbo kufuata kazi yake kwenye sentensi, na vitabu vya Marekani vinapanga maumbo hayo kwa utaratibu mmoja, vile vya Kiingereza alivyosomea mzee kwa mwingine. Lakini kwa dakika ishirini nilikuwa na mzee wa miaka karibu themanini na mtoto wa darasa la saba wakigombana juu ya neno "meza", na sikuwa na haraka ya kuwaamua.

Mantiki inaingia mwishoni mwa darasa la saba, nayo ni nzuri. Mazoezi ni ya kutafuta kasoro kwenye hoja. Kila askofu ni padre. Paroko wetu ni padre. Basi paroko wetu ni askofu. Mtoto lazima aeleze kwa maandishi imevunjika wapi, siyo kucheka tu. Jiandaeni, maana silaha hiyo itawageukia. Hoja yangu kwamba simu ni ya watu wazima ilipasuliwa vipande mezani, mchana kweupe.

Sarufi ya Kiingereza wanaichora kwenye mistari, kiima kushoto, kiarifu kulia, mtindo wa Reed na Kellogg wa mwaka 1877. Unafaa. Dini ni Katekisimu ya Baltimore ya 1885, maswali na majibu ya kukariri. Sisi tuliopita kwa katekista kabla ya komunyo ya kwanza tutajisikia nyumbani. Sayansi ni hafifu: majani, ndege, daftari la kuchora. Kwa darasa la nane haitoshi, kwa hiyo tumenunua kitabu kingine.

Sasa historia. Ugiriki, Roma, Zama za Kati, wapiganaji wa msalaba, basi. Afrika haipo, na hata pale ilipo imefichwa. Augustino alizaliwa Tagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, lakini kitabu kinamkuta akiwa tayari Milano. Perpetua na Felisita wameitwa mashahidi wa Kiroma. Mji wa Karthago, walikouawa mwaka 203, haumo hata kwenye ramani ya sura hiyo. Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, aliyepokea Ukristo karne ile ile ya Konstantino, kaisari wa Roma, hayupo. Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 hawapo, na ni watakatifu tangu 1964! Mtaala unaojiita Katoliki, maana yake wa dunia yote, hauna udhuru hapo. Nimebandika ramani kubwa ukutani na hao nawafundisha mwenyewe.

Jingine: mpango wa wiki umeandikwa kwa mama anayeshinda nyumbani. Mimi ni nesi wa zamu za usiku. Kilatini na mantiki vinahitaji mzazi awe ukurasa mmoja mbele, na mume wangu ndiye aliyebeba zaidi.

Ushauri wangu: msinunue boksi zima. Chukueni Kilatini pamoja na kitabu cha majibu, mantiki na sarufi. Historia na sayansi tafuteni kwingine. Na subirini Mei au Juni, familia zinapofunga mwaka na kuuza mitumba. Kilatini cha binti yangu wa darasa la sita nimekipata hivyo kwa dola nane, kina kalamu ya risasi kurasa za mwanzo tu, aliyekuwa nacho hakufika mbali.