"Za kuvaa au za kuvua?": benki iliyopokea dola zangu za YouTube

Sitaitaja benki yenyewe, maana akaunti bado iko kwao na pesa zangu zimo ndani. Ni tawi la katikati ya mji, lenye kiyoyozi na viti vizuri vya kungojea ambavyo hakuna anayevikalia kwa kuogopa kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Kama unatengeneza video na unalipwa kutoka nje, soma kabla hujawapelekea dola zako.

Mimi huuza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Chaneli yangu ya YouTube ni ya kufungua marobota: nakata kamba mbele ya simu, natoa nguo moja moja, nasema hii ni ya kamera, yaani daraja la kwanza, hii ni fagia, yaani mabaki, robota nilinunua kwa ngapi na hii nitaiuza ngapi. Basi. Wanaonitazama wengi ni Wakenya walioko Marekani na Uingereza, na hao ndio wanaoleta pesa, kwa sababu tangazo likionekana na mtu aliyeko Dallas hulipiwa zaidi kuliko likionekana na mtu wa Kayole. Watu huniuliza views elfu moja ni pesa ngapi, kama wanaouliza bei ya sukuma wiki. Inategemea nani katazama, akiwa wapi, mwezi gani. Desemba matangazo hulipa vizuri, Januari unaona aibu hata kufungua ukurasa wa mapato.

Na kufika huko si mchezo. Wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo matangazo yaanze kukulipa. Ukifikisha dola 10, Google, wenye YouTube, wanakutumia namba ya siri kwa barua, barua ya karatasi kabisa, ya posta. Kisha unangoja hadi dola 100 ndipo walipe. Matangazo ya video ndefu wanakuachia 55%, yanayobaki ni yao. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote haikunipa hata senti: nyuma yangu palikuwa na matatu imesimama inapiga muziki, mfumo ukautambua wimbo, na mapato ya video nzima yakaenda kwa mwenye wimbo. Dereva wala hajui alichonifanyia.

Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi. Mwezi huo, baridi ile ya Nairobi, ukurasa ukasema zimetumwa. Benki kimya. Nikangoja, nikangoja tena, nikafunga kibanda nikaenda.

Kaunta namba nne. Nikampa dada kitambulisho, nikamwonyesha risiti kwenye simu. Akatazama kompyuta yake, akasema pesa ipo ila imezuiliwa mpaka nieleze imetoka wapi. Hilo sina neno nalo, benki lazima iulize.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nauza nguo, na natengeneza video."

"Video za nini?"

"Za nguo."

Akainua macho, akapaza sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Za kuvaa au za kuvua?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mwanamume mmoja mwenye suti alinikagua kutoka kichwani hadi kwenye raba zangu, taratibu, kama anayetafuta bei. Mimi ni mama wa watu. Ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba, wanawake wenzangu wananiachia pesa zao bila kuandikiana. Nikafungua video, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaibandika simu kwenye kioo chake: mimi huyo, nimeinua suruali ya mtoto, napiga kelele "hii ni hamsini, na usiniambie imechanika, hapo ni mfuko!"

Unajua aliniambia nini? Nipunguze sauti, hapa ni benki.

Kisha akataka barua ya mwajiri yenye muhuri. Mwajiri gani? "Hao waliokutumia." Nikamwambia waliotuma ni Google, makao yao ni California, nipande ndege nikagongewe muhuri halafu nirudi nipange foleni? Akaita, "Next!" Marekani wenyewe walikuwa wameshakata 30% ya kilichotokana na watazamaji wa kwao, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi nao. Serikali ya Marekani imeamini hiyo ni kazi hadi ikaitoza kodi. Kaunta nne bado ana maswali.

Aliyeniokoa ni soja wa mlangoni. "Mum, panda juu, uliza dawati la pesa za nje." Juu nikamkuta kijana mmoja mpole, akatazama risiti mara moja tu, akaniomba PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, na ukurasa wa mapato uliochapishwa. Nikavuka barabara hadi saiba kuchapisha, nikarudi nao, nikaandika barua fupi kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna cha muhuri. Kabla jioni pesa ilikuwa imeingia. Ndiye aliyeniambia nifungue akaunti ya dola ili pesa isigeuzwe shilingi ikigusa tu benki, niuze bei ikinifaa. Ndiye pia aliyenikumbusha kodi ya 5% ya maudhui ya kidijitali iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ile ambayo mswada ulikuwa umeitaka iwe 15%. Habari mbaya, lakini alinipa kama mtu anayeongea na mfanyabiashara.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Nilikuja hapa niandike "msikanyage". Lakini tangu siku ile pesa huingia bila simu wala swali, makato yao ni madogo kuliko ya benki niliyotoka, na bei yao ya dola siku nyingi huwa nzuri. Ukiniuliza kama huduma ya pesa za nje ni nzuri, ni nzuri. Nenda. Chapisha ukurasa wa mapato kabla hujatoka nyumbani, beba PIN, panda ngazi moja kwa moja.

Ila nilipeleka malalamiko kwa maandishi, nikaeleza neno kwa neno. Jibu likaja kwa SMS: "Mteja mpendwa, tunathamini maoni yako," na chini yake tangazo la mkopo. Mkopo! Wiki iliyopita nilipita pale chini, dada bado yuko kaunta nne, anamwuliza mzee mmoja kitu kwa sauti ile ile.

Nilikuwa nimeweka nyota nne. Nimesoma tena lile swali lake, nimefuta mbili.