Sarafu ya West Virginia Iliyobandikwa kwa Gundi

Si kawaida yangu kulalamika hadharani kwa ajili ya robo dola, lakini hii niliilipia zaidi ya dola 20, na mpaka leo nikiitazama napandwa na hasira.

Niliitafuta kwa sababu niliwahi kuvuka daraja la New River Gorge, na nilipojua kwamba ndilo lililochorwa kwenye robo dola ya kumbukumbu ya West Virginia, jimbo la Marekani, ya mwaka 2005, nikaitamani. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alitangaza kwamba yake ni ya madini halisi ya fedha, ya kiwanda cha San Francisco, nayo huja ndani ya kadi nene yenye maelezo ya jimbo.

Ilipofika, sarafu ilikuwa imezamishwa kwenye tundu la kadi na kubandikwa kwa gundi, daraja likiwa juu. Asiyekusanya sarafu atauliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba herufi ya kiwanda iko upande wa pili, nyuma ya kisogo cha George Washington: S ni San Francisco, P ni Philadelphia, D ni Denver. Ukingo nao, ambao kwa robo dola ya kawaida huonyesha mstari wa shaba na kwa ile ya fedha hauonyeshi, ulikuwa umemezwa na kadi. Yaani kila njia ya kumkagua muuzaji ilikuwa imezibwa.

Nilimpigia simu, nikamuuliza kwa adabu nitaionaje hiyo S. Akanijibu, "Bwana, ukitaka kusoma herufi, nunua gazeti," akakata simu.

Hata hivyo, nisimdhulumu mtu, kadi yenyewe niliipenda. Ilieleza vizuri jinsi kaunti za magharibi zilivyokataa kuifuata Virginia ilipojitenga na Marekani mwaka 1861, hata zikawa jimbo la 35 tarehe 20 Juni 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Ndiyo maana sarafu ina 1863 juu yake. Ilitaja pia kaulimbiu ya Kilatini ya jimbo hilo, isemayo kwamba watu wa milimani wako huru daima, na kimo cha daraja, mita 267 kutoka mtoni, ambacho mimi niliyekipita nimeshika usukani kwa mikono miwili sihitaji kukumbushwa. Ilikosea mahali pamoja tu, ilipodai kwamba tao lile la chuma ndilo refu kuliko yote duniani, ilhali daraja la Lupu la Shanghai lililipita mwaka 2003, kabla hata ya sarafu hiyo kutengenezwa. Hilo nililisamehe, na nikakaribia kumpa muuzaji nyota nne.

Kisha wiki moja baadaye uvumilivu ukanishinda, nikailoweka kadi nzima katika bakuli la asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Sarafu ilichomoka. Ukingo ulikuwa na mstari wa kahawia, herufi ilikuwa P, na shavu la Washington lilibaki na utando wa gundi ambao hautoki. Wino wa kadi nao ulivuja wote, bakuli likawa la buluu, na yale maelezo mazuri hayasomeki tena.

Natoa nyota moja, nayo apewe aliyeandika kadi.